Soli Zilizorudi Kutoka Kambini

Wazazi wengine walipopeleka watoto kwenye mafunzo ya jeshi walitaka kujua kama wanakula. Mke wangu alitaka kujua kama binti yetu bado anasali. Mimi, niseme ukweli, nilitaka kujua anakanyagaje. Ukifanya kazi ya viatu miaka mingi, usoni mwa mtu macho yako hufika mwisho kabisa. Majina ya wateja hunipotea hata wakiwa wamekaa benchi moja nami kanisani, lakini nikiona kisigino kilicholika upande wa ndani namkumbuka mwenyewe, wiki aliyokuja na alichokilalamikia.

Kibanda changu kilikuwa Juba, mtaa wa Hai Mauna, katikati ya fundi wa kuchomelea vyuma na mama mmoja muuza chai. Nilitengeneza viatu vya tairi, vile ambavyo Juba huitwa mutukali. Wenye Kiarabu chao waliniambia maana yake ni kufa uviache, kwa jinsi vinavyodumu kuliko mvaaji. Tangu binti aondoke mke wangu hakutaka kulisikia jina hilo, akawa anasema tu "vile viatu vyako". Ufundi niliupata Uganda, ukimbizini, kwa Mkongo mmoja pale Arua. Hakujua lugha yetu wala mimi sikujua yake, tukaelewana kwa Kiswahili, na ndiyo maana mpaka leo mambo ya viatu nayawaza kwa Kiswahili. Alinifundisha kulowesha kisu kabla ya kukata mpira. Alinifundisha pia sheria yake kubwa, kwamba usimpe mtu kiatu kipya kabla hujakiona cha zamani, kwa sababu cha zamani kitakuambia yale ambayo mteja amesahau kusema au ameona aibu kuyasema.

Binti yetu alikua ndani ya kibanda hicho, akichezea vipande vya tyubu. Alikuwa na miaka kumi na tisa siku alipokuja mchana, akasimama mbele ya meza yangu, akasema, "Baba, nimejiandikisha jeshini."

Vita vilikuwa vinaendelea. Nusu ya majirani zetu walikuwa wamevuka tena kwenda Uganda, na sisi tulibaki kwa sababu tu tulikuwa tumechoka kuhama. Nilimuuliza anakwenda kutafuta nini.

"Nataka kujua kama naweza," akasema.

Jibu hilo nililielewa, maana ni aina ya jibu ambalo mimi mwenyewe ningelitoa. Mama yake hakulielewa hata kidogo. Alisema tulimtoa mtoto huyu vitani akiwa mgongoni, tukamlea ugenini, tukamrudisha, na sasa anarudi vitani kwa miguu yake mwenyewe huku baba yake akitabasamu. Sikuwa nikitabasamu. Nadhani nilikuwa nikiwaza atavaa nini.

Kambi ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa lori. Simu zilikusanywa langoni siku ya kwanza, na wazazi hawakuruhusiwa kuvuka lango bila kibali. Aliyetuunganisha na watoto ni dereva wa lori la kuni, ambaye naye alikuwa na kijana wake mle ndani. Kila alipokwenda tulimjazia vifurushi. Safari yake ya kwanza alirudi kibandani kwangu, akakaa juu ya tairi.

"Ya mzee, ile mabuti bado kufika," akasema. "Watoto iko napiga kwata na kandambili. Ingine iko mguu tupu. Mtoto yako amesema wewe utume."

Nilikata jozi yake jioni hiyo hiyo. Tairi za malori zilikuwa hazipatikani, nikatumia za magari madogo zilizokwisha kulika nusu, kwa hiyo nilijua hazitadumu. Mke wangu alifungia ndani ya kifurushi kopo la karanga za kusaga na chumvi kidogo. Barua ya binti ikaja baada ya wiki mbili: "Baba na Mama, mimi mzima. Tunafundishwa vizuri. Naomba karanga." Mke wangu aliisoma mara nne. Mimi niliisoma mara moja nikaiweka, maana barua ile ingeweza kuandikwa na kuruta yeyote kwa mzazi yeyote.

Lakini binti yangu alilelewa kibandani, na sheria ya Mkongo aliijua kuliko Amri Kumi. Kamba za jozi ya kwanza zilipokatika na soli kuisha, alinirudishia zile kuukuu kwa mkono wa dereva ili nimpe mpya. Nilizipokea kama watu wengine wanavyopokea gazeti. Visigino vilikuwa vimelika nyuma kabisa, sawasawa kulia na kushoto, nikajua ni kwata, wanapigishwa miguu chini kwa nguvu. Ncha za mbele zilikuwa zimechubuka juu, mahali ambapo kiatu hakigusi ardhi mtu akitembea. Nilikaa na jambo hilo asubuhi nzima. Mwishowe nililala kifudifudi pale pale kibandani, nikatambaa, nikaona vidole vinavyoburuzika. Mama muuza chai aliniuliza kama nimeanguka.

"Anatambaa," nikamwambia mke wangu nyumbani kwetu, mtaa wa Juba Na Bari. "Wanafundishwa kutambaa. Na kuna udongo mweusi kwenye mifereji ya soli, kwa hiyo wanapelekwa bondeni, hawako kwenye changarawe siku zote."

Aliacha kuchambua mchicha. "Haya yote umeyaona kwenye mpira?"

"Yamo humo."

"Na kama analia, nayo imo humo?"

Nikamwambia hiyo haimo. Akarudi kwenye mchicha wake, lakini tangu siku ile kila kifurushi kilipokuja alikuwa wa kwanza kukifungua, akanipa viatu, akakaa mbele yangu kungoja.

Habari haikukaa ndani. Mama muuza chai alileta viatu vya mwanawe, navyo vilikuwa karibu vipya baada ya miezi miwili, ila vina madoa ya mafuta na jivu limeganda kwenye kamba. "Mwanao yuko jikoni," nikamwambia. Alikataa, akasema kijana wake amemwandikia kwamba ni mlenga shabaha. Dereva aliporudi safari iliyofuata alithibitisha kwamba mlenga shabaha anasonga ugali wa kombania nzima. Tulicheka mpaka fundi wa kuchomelea akazima mashine ili aelezwe. Wakaanza kuniita mganga wa soli. Wazazi walitoka mitaa ya mbali na viatu vya watoto wao ndani ya mifuko, na mimi nilivigeuza, nikavinusa, nikasema. Nilifurahia sana. Sikuwahi kuwa mtu anayengojwa azungumze, na nikaanza kusema hata pale ambapo nilitakiwa kunyamaza kwanza.

Mafunzo yaliyotangazwa kuwa ya miezi minne yalifika mwezi wa nane, na jozi ya nne ya binti yangu ikaja.

Nilijua kuna tatizo kabla sijaitoa yote mfukoni. Soli ya kulia ilikuwa imelika ukingo wa nje mpaka nyuzi za ndani ya tairi zimetokeza. Ya kushoto ilikuwa nzima. Ncha ya kulia ilikuwa na mfereji uliochimbika, mfereji wa mguu unaoburuzwa kila hatua. Niliiweka chini, nikaiokota tena. Barua iliyokuja nayo ilisema, "Mimi mzima." Nikaiambia ile barua kwa sauti kwamba ni mwongo.

Mke wangu nilimficha siku mbili. Wakati huo nilitengeneza jozi ambayo naweza kusema ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya. Nilitafuta kipande cha tairi la lori, nikainua ukingo wa nje wa kiatu cha kulia kwa unene wa kidole, nikaupunguza taratibu kuelekea katikati ili mguu usishtuke, nikaongeza ukanda mpana wa kushika kifundo. Nikaituma. Baada ya wiki sita ikarudi, na kwa jicho la fundi ilikuwa imefanya kazi, kwani mfereji wa ncha ulikuwa umepungua zaidi ya nusu. Lakini mguu ule bado ulikuwa unachechemea. Safari hii mke wangu alikuwa amekaa mbele yangu, naye kwa miezi yote ile alikuwa amejifunza kusoma.

"Huu mguu ni mbovu," akasema.

"Ndiyo."

"Wenye miguu mibovu wanarudishwa nyumbani. Dereva alisema."

"Ndiyo."

"Basi kamlete."

Nilituma jozi nyingine ya kuinuliwa itangulie, na Jumamosi iliyofuata nikapanda lori la kuni, zile jozi mbili zilizolika zikiwa kwenye mfuko mapajani kama ushahidi. Mke wangu alikuwa ameshatandika kitanda cha binti na kununua samaki. Langoni tulikuta wazazi wengine wamekaa na makopo yao, mama muuza chai akiwemo. Aliyetoka kunisikiliza alikuwa mkufunzi wa wasichana, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimweleza kwamba binti yangu ana mguu mbovu na anaficha.

"Umejuaje, Mzee? Umeongea naye?"

Nikatoa viatu. Hapo ndipo nilipokosea, na nimelirudia kosa hilo kichwani mara nyingi kuliko ninavyosali. Ningeweza kusema maneno mawili. Badala yake, kwa kuwa mkufunzi yule aliviinua juani akavigeuza kwa hamu kweli, na kwa kuwa wazazi walikuwa wamesogea kusikiliza, nilimsomea kila kitu. Nilimwonyesha nyuzi, mfereji, nilichoinua na jinsi kilivyosaidia. Nikamwambia kuna mtu katika kombania yake anayeburuza mguu wa kulia kwa miezi mitatu sasa, na asubuhi huwa ni mbaya zaidi kuliko mchana.

"Mimi iko nao kila siku na sijaona," akasema, na hakuwa akitania.

Akaagiza wasichana waje. Walikuwa kama thelathini, wakasimama kwenye mistari karibu na tangi la maji. Binti yangu akaitwa mbele. Alikuwa amekonda na amekomaa shingo, na nywele zake zilikuwa zimenyolewa. Akaamriwa kutembea hadi kwenye mti na kurudi. Akatembea vizuri. Mguu wa kulia ulikanyaga sawa na wa kushoto, kisigino kwanza, bila kuburuza. Nilihisi furaha, halafu nikahisi kuchanganyikiwa, maana niliona miguuni mwake viatu vya plastiki vya kijani vilivyofungwa kwa kamba. Havikuwa vyangu.

"Basi hivi ni vya nani?" mkufunzi akauliza, akiwa bado ameshika ushahidi wangu.

Macho yangu yalikwenda chini, yakapita kwenye mstari wa miguu, na mwisho wa mstari wa nyuma nikaiona jozi yangu ya mwisho, ukingo wa kulia umeinuliwa. Mwenye kuivaa alikuwa msichana mrefu aliyeweka uzito wote kwenye mguu wa kushoto. Sikuwahi kumwona, lakini mguu ule niliujua. Nilikuwa nimekaa nao miezi mitatu.

Binti yangu aliona nilikotazama. Akasema kwa sauti ya askari, "Afande, ni vyangu. Leo nimejikaza tu. Mguu unaniuma."

Akatembea tena hadi kwenye mti, safari hii akichechemea. Kila mzazi pale langoni alimwonea huruma, ila mimi niliona anainamia ndani. Mtu anayechechemea vile angekula ukingo wa ndani, na ule wa nje ungebaki mpya. Nilimfundisha mtoto huyu kazi tangu akiwa mdogo, na kumbe kuchechemea sikumfundisha.

"Mzee," mkufunzi akasema, "ni huyu kweli? Kama ni mguu huu naandika karatasi sasa hivi na anapanda lori na wewe."

Nisijifanye mtu mwema. Nilitaka kumchukua. Niliwaza kitanda kilichotandikwa, nikawaza uso wa mama yake akimwona anashuka. Ingetosha nitikise kichwa. Binti yangu alikuwa amesimama mguu mmoja umelegezwa, ananitazama, na sikuweza kusoma kitu usoni mwake. Alikuja pale kujua kama anaweza, na karatasi ile ingesema hakuweza, tena kwa mguu ambao si wake. Na kama ningesema si huyu, swali lingebaki pale pale, kwamba basi ni nani, na jibu lilikuwa limesimama mstari wa nyuma.

"Afande, nimekosea mimi," nikasema. "Huyu ni mzima, ananitii tu kwa kuwa nimekuja. Tairi hili nililitoa kwenye gari lililopinda ekseli. Lililika upande mmoja kabla sijalikata. Sikuangalia vizuri."

"Zote mbili?"

"Zote mbili nilikata kwenye tairi moja."

Yeyote anayejua tairi angeniuliza kwa nini basi mfereji uko kwenye ncha. Mkufunzi alipitisha kidole gumba kwenye mfereji ule, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, na sikujua kama anaelewa au hapana. Kisha akanirudishia viatu.

"Utafute tairi nzuri, Mzee," akasema.

Mama muuza chai alianza kucheka, wengine wakamfuata. Mganga wa soli kumbe alikuwa akisoma magari. Sikuwalaumu.

Nilipewa dakika chache na binti, pembeni ya lango. Aliongea chini chini, kwa kile Kiswahili chake cha shule.

"Huyo msichana hana mtu hapa, Baba. Kwao ni upande ule mwingine wa vita. Wakimrudisha, watamrudisha wapi? Barabara hiyo ataipita vipi peke yake?"

"Ungeniandikia."

"Barua zinasomwa."

Nikamwambia ningemtengenezea jozi yake mwenyewe tangu mwanzo. Akasema alijua, lakini sheria yangu ni kuona cha zamani kwanza, na huyo hakuwa na cha zamani, alikuja miguu mitupu. Kwa hiyo alimpa vyake avivae mpaka viishe. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Na kama ningekubali?" nikauliza. "Ungepanda lori?"

"Ningepanda," akasema. "Nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nakungoja wewe useme ndiyo."

Mpaka leo sijui kwa nini sikusema. Nimelitazama jambo hilo kila upande, kama ninavyotazama kazi ya mtu mwingine, na kila nikidhani nimelipata linanitoroka. Pengine niliogopa uongo wake ungemfuata. Pengine niliona fahari. Labda ni kule kutaka kujua tu, na mimi nilitaka kujua kama anaweza, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Nyumbani nilimwambia mke wangu tairi ndilo lilikuwa bovu na mtoto ni mzima. Alipiga magoti palepale jikoni akashukuru, na yule samaki tukamla wawili. Tangu hapo nilituma jozi mbili kila mara, moja ya kawaida na moja ya kuinuliwa, na mke wangu aliongeza kopo la pili la karanga bila kuuliza.

Mabuti yalifika mwishoni kabisa. Walipomaliza, kombania ile ilipangiwa kaskazini, kwenye vita, na wazazi tukaambiwa tunaweza kuwaaga bandarini Juba wakipanda tishali la mtoni. Tulikwenda asubuhi. Binti alikuwa mchangamfu, akamkumbatia mama yake muda mrefu. Kisha yule msichana mrefu akatusogelea, hatua zake nzito kidogo upande wa kulia, akainama kumsalimia mke wangu kwa mikono miwili.

"Mama, asante kwa kumwacha," akasema. "Ile siku mzee alikuja kumchukua, afande alikuwa tayari kuandika karatasi. Mzee akakataa. Mimi nisingefika mpaka leo."

Aliyasema kwa moyo safi. Alidhani tulikuwa tumeamua pamoja. Mke wangu alimtazama msichana, akatazama buti lake la kulia, ambalo ukingo wake wa nje ulikuwa tayari umeanza kukwaruzika, naye alishajua kusoma. Akamshika bega, akamwambia Mungu amlinde. Alimngoja apande tishali na binti yetu, akapunga mkono mpaka lilipopita kisiwa, ndipo akageuka.

"Ulikuwa naye mkononi," akaniambia.

"Ndiyo."

Hakupiga kelele, na hajalisema tena tangu siku hiyo. Binti hupiga simu mara moja kwa mwezi akipata mtandao, na huwa anaongea zaidi na mama yake. Lakini namba ikiwa ngeni, kama zile zinazowaletea wazazi wengine habari za msiba, simu ikalia juu ya meza, mke wangu hainyanyui mara moja. Hunitazama mimi kwanza, ndipo anapokea.